Ile kamba haiko mu kitabu

Mimi ni mwalimu wa watoto hapa kwetu Kolwezi. Nimeshika chaki miaka mingi, na nilifikiri kufundisha ni kazi ninayoijua. Lakini siku mchungaji aliponiomba nifundishe wakubwa kusimulia habari za Biblia kwa mdomo, pasipo kitabu mkononi, niliona kama sijui kitu.

Mchungaji alisema hivi: «Mwalimu, mu kanisa yetu wengi hawajui kusoma. Kuna wachimbaji, kuna kina mama wanaosafisha mawe. Siku ya Mungu wanasikia, kesho yake wamesahau. Uwafundishe washike habari mu kichwa, wazipeleke nyumbani kwa watoto wao.» Nilikubali kwa kinywa. Moyoni nilifikiri mtu mmoja tu.

Mtu huyu ni mchimbaji. Ananipita kwa umri, kwa hiyo ninamwita Yaya. Siku moja mu kikundi cha Biblia nilimpa kitabu mbele ya wote, nikamwambia asome mstari. Alinyamaza. Nilizani anatafuta mahali, nikamwonyesha kwa kidole: «Ni hapa, Yaya.» Alinirudishia kitabu polepole, akasema macho yanamuuma. Vijana wawili walicheka. Tangu siku ile hatukumwona tena kanisani, na mimi sikumfuata. Nilijiambia kazi ya shimo imemchukua. Nilijua ni uongo.

Basi nikaanza kujitayarisha. Nilichagua Marko 2, mistari 12 ya kwanza: habari ya mtu mwenye kupooza na watu 4 waliomchukua. Niliichagua sababu watu wetu wanajua kumteremsha mtu na kumpandisha. Niliisoma kwa sauti mara 3, nikafunga kitabu, nikaigawa mu vipande 5. Kwa kila kipande nilitwaa jiwe dogo la kijani, lile la shaba ambalo watoto wanaokota njiani. Jiwe la kwanza: nyumba inajaa watu pale Kapernaumu. La pili: watu 4 wanatoboa dari. La tatu: Yesu anamsamehe mgonjwa zambi zake. La ine: waandishi wananung’unika moyoni, na Yesu anajua. La tano: mgonjwa anasimama, anabeba kitanda chake, anatoka.

Hii si akili ya wageni. Wazee wa Baluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga na makome. Mwenye kufundishwa alipitisha kidole juu yake, akasimulia mambo ya wafalme na safari zao. Hawakuandika mu kitabu, lakini walichunga habari. Nani basi alituambia kama mtu asiyesoma hana kichwa cha kushika?

Siku ya posho jioni, nyuma ya kula bukari, nilijaribu habari yangu mbele ya bibi yangu, watoto, na mama mkubwa, yaya ya mama yangu, ambaye hakuingia masomo hata siku moja. Nilisimulia kwa nguvu. Nilitia jua kali, nikatia kamba ndefu 4, nikamfanya mgonjwa alie kwa sauti. Watoto walifurahi sana. Waandishi niliwapita mbio, sababu maneno yao ni magumu.

Nilipomaliza, mama mkubwa aliuliza: «We Mwalimu, ile kamba uliitosha wapi?»

«Iko mu kitabu, mama.»

«Soma, tusikie.»

Nilisoma. Kamba hakuna. Nikafungua Luka 5, habari ile ile: hakuna. Na kilio cha mgonjwa vilevile hakuna. Mu Marko hasemi hata neno moja.

Mama mkubwa hakucheka. Alisema: «Mwenye kujua kusoma ataangalia mu kitabu, ataona pale ulituongopea. Shiye hatuna pa kuangalia. Ile utatuambia, njo tutakufa nayo.»

Usiku ule sikulala mbio. Nilitwaa kaye yangu, nikafuta jua, kamba na kilio, nikarudisha waandishi mahali pao. Niliandika: msimulizi asiongeze, asipunguze. Mawazo yetu yangoje mpaka habari imalizike. Hapo tutaulizana: Nini imekupendeza? Nini ni ngumu kwako? Tunajifunza nini juu ya Mungu, na juu ya watu? Tutafanya nini juma hili?

Nilipoandika juu ya watu, biki ilisimama. Nani alimzuia mgonjwa yule asifike kwa Yesu? Si adui. Ni wale waliokuja kusikia neno. Walijaa mpaka mlangoni, hata nafasi ya kupita ikakosa. Nilimfikiri Yaya, nikaona mgongo wangu mwenyewe mu ule mlango.

Siku ya Mungu, kanisa ilipotoka, nilikwenda kwake. Nilimwomba masamaha kwa jambo lile la kitabu. Aliangalia chini, kisha akasema: «Sikukuya tena sababu ya haya, Mwalimu. Bote balikuwa bananiangalia.»

Nilimwambia sikuleta kitabu, nimeleta mawe 5 tu, na ninataka anisikilize. Nilisimulia, naye akafuata kila jiwe kwa macho. Nilimwambia vilevile neno la mama mkubwa juu ya kamba. Alicheka kidogo. «Anasema kweli. Kama habari haiseme kamba, usitie. Lakini miye nitakuambia kitu: kuteremusha mutu haiko kazi ya mutu moja. Moja akiachilia mbio, mugonjwa anaanguka. Bale bane balikuwa banaangaliana mu macho.»

Mu kitabu chochote changu sikupata somo kama hilo. Kisha akaniuliza: «Mutu alikuya juu ya miguu. Sababu gani Yesu alianza na zambi?» Nilikosa jibu la mbio. Nilimwambia tutaliuliza pamoja mu kikundi, nikaliandika mu kaye.

Alitwaa mawe, akasimulia habari yote. Alichanganya la tatu na la ine, akajirudi mwenyewe, akamaliza. Tutaanza juma linalokuja. Hakuniahidi kama atafika. Lakini alinirudishia mawe 4 tu. Lile la dari alilibakisha mkononi.

Ndugu na dada, hata ninyi mu nyumba yenu munaweza kufanya hivi. Chagueni habari moja fupi. Soma kwa sauti mara 3, funga kitabu, simulia. Yule asiyejua kusoma asikilize na aulize, na mwenye kitabu aangalie kama uliongeza kamba. Na kama kuna mtu ambaye mgongo wako ulimfungia mlango, anza kwake, mbele ya kuanza somo lolote.