Ubishi wa Gulioni

Sisi wakazi wa Same, wa tambarare na wa milimani, tukikutana gulioni hatukosi ubishi wa michezo. Washabiki wa Simba na Yanga huwapanga wachezaji wao daraja kwa daraja, na kesho yake huwapangua. Hatuwalaumu, kandanda haina mizani ya kupimia ubora wa mtu, na utamu wa ubishi wake ndio huo.

Twasikitika tu wasemapo kwamba mbio si mchezo wa kutazamwa. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi mpya ya dunia. Hata wa pili wake, John Walker wa New Zealand, aliipita rekodi ya zamani. Na mwaka 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni; baada ya kilomita 42 na ushei, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Bao gani la dakika ya mwisho lishindalo hilo?

Vijana humweka Simbu juu, kwa ajili ya dhahabu. Sisi twamweka Bayi, kwa kuwa hakujificha nyuma ya mgongo wa mtu. Ubishi huo nao ni mtamu, ila wabishi ni wachache. Watoto wetu wapandao vilima vya Upare kila asubuhi kwenda shule, siku ya mbio zao hutazamwa na walimu peke yao.