Mitufaha ya Vilima vya Vermont: Kutoka Shamba la Mkulima hadi Malisho ya Wanyamapori

Katika jimbo la Vermont, lililo kaskazini-mashariki mwa Marekani, kupanda mitufaha na vishamba vya malisho kwa ajili ya wanyamapori kumekuwa sehemu ya kawaida ya utunzaji wa ardhi, ingawa mababu wa wanaoifanya kazi hiyo leo wangeishangaa, kwa kuwa kwao mtufaha ulikuwa mali ya nyumba na mnyama aliyeusogelea alihesabiwa kuwa mwizi. Vishamba vya malisho ni vipande vidogo vya ardhi ambavyo hutayarishwa na kupandwa mimea isiyokusudiwa kuvunwa na binadamu, ili iliwe na kulungu, sungura, bata mzinga mwitu na viumbe wengine wa porini. Kumbukumbu hii inafuatilia jinsi mti wa matunda ulivyotoka mikononi mwa mkulima ukaingia katika hesabu za mtunza msitu, na hoja yake kuu ni kwamba badiliko kubwa limetokea katika swali analojiuliza mwenye ardhi: zamani aliuliza ampe mnyama chakula gani, ilhali leo anajifunza kuuliza mahali anapoishi mnyama huyo panakosa nini.

Mtufaha wenyewe ni mgeni katika Marekani Kaskazini. Asili yake ni milima ya Tian Shan katika Asia ya Kati, hasa upande wa Kazakhstan, na walioufikisha ng'ambo ya Atlantiki ni walowezi wa Kizungu wa karne ya 17. Mti huu unahitaji baridi ya miezi kadhaa ndipo uchanue vizuri, jambo linaloeleza kwa nini Afrika Mashariki unastawi katika nyanda za juu kama Njombe na Lushoto lakini si pwani, na majira marefu ya baridi ya Vermont yaliufaa. Mbegu ya tufaha haizai mti unaofanana na mama yake, kwa hiyo mkulima aliyetaka tunda la aina fulani alilazimika kubebesha, yaani kukata kikonyo cha mti anaoupenda na kukiunganisha na mche wenye mizizi yake. Hata hivyo, miti mingi ya mwanzo iliota kwa mbegu tu, na matunda yake machachu yalikamuliwa ili kutengeneza kinywaji kilichochachushwa ambacho kila nyumba ya shamba ilikiweka katika mapipa.

Historia ya ardhi ndiyo iliyoisukuma mitufaha hiyo msituni. Mwaka 1811 William Jarvis, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani mjini Lisbon, alifikisha kondoo wa sufu wa aina ya Merino katika shamba lake huko Weathersfield, na kufikia mwaka 1840 Vermont ilikuwa na kondoo zaidi ya milioni 1.5, huku misitu ya vilimani ikiwa imefyekwa kwa sehemu kubwa ili kupata malisho. Mfereji wa Erie ulikuwa umekwisha funguliwa mwaka 1825, na njia hiyo ya maji iliifungua ardhi tambarare na yenye rutuba ya magharibi, ambako sufu na nafaka zilizalishwa kwa gharama ndogo kuliko katika udongo mwembamba na wenye mawe wa vilimani. Familia moja baada ya nyingine ilihama, nyumba zikaanguka, na msitu ukarudi wenyewe, hata leo takriban robo tatu ya jimbo hilo imefunikwa na miti. Kilichobaki ni misingi ya mawe ya nyumba, kuta za mawe zilizogawa mashamba, na mitufaha iliyozungukwa na misonobari na miti ya mepo, ikinyoosha matawi yake kuutafuta mwanga uliokuwa ukipungua mwaka hadi mwaka.

Wanyama nao walikuwa wametoweka na kurudi. Kulungu wa mkia mweupe, ambaye dume lake huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka, alikuwa karibu kuisha Vermont kutokana na kufyekwa kwa misitu na uwindaji usio na mpaka, kiasi kwamba mwaka 1878 kulungu 17 waliletwa kutoka jimbo la New York na kuachiwa katika wilaya ya Rutland, na uwindaji halali haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1897. Bata mzinga mwitu walirudishwa baadaye zaidi, katika miaka ya 1969 na 1970, kwa ndege 31 waliotoka pia New York. Kati ya marejeo hayo mawili msitu ulipoteza mmoja wa miti yake mikuu ya chakula, kwa maana ukungu uliogunduliwa mwaka 1904 katika bustani ya wanyama ya Bronx, jijini New York, ulienea na kuua takriban miti bilioni 4 ya chesinati, ambayo ilikuwa imewalisha wanyama wa misitu ya mashariki kila majani yalipopukutika, na ambayo pembezoni mwa eneo lake ilifika hadi kusini mwa Vermont. Katika upungufu huo, tufaha lililoachwa na mkulima likapata thamani mpya.

Fikra ya kuyatunza makazi ya wanyama kwa makusudi ilipata msingi wa kitaaluma mwaka 1933, mtaalamu wa wanyamapori Aldo Leopold alipochapisha kitabu chake kuhusu usimamizi wa wanyama wa kuwindwa, kitabu kilichoonyesha kwamba idadi ya wanyama hufuata ubora wa mahali, na kwamba ukingo ambapo msitu hukutana na uwanda wa wazi huwa na uhai mwingi kwa sababu chakula na maficho viko jirani. Mwaka 1937 sheria ya Marekani iitwayo Pittman na Robertson ilielekeza ushuru wa bunduki na risasi katika kazi za uhifadhi za majimbo, na hivyo fedha za mwindaji zikawa nguzo ya utafiti na upandaji.

Walakini, kwa miongo mingi utekelezaji ulibaki nyuma ya fikra, kwa kuwa watu wengi walielewa makazi kuwa ni chakula tu, tena chakula cha haraka. Taasisi za umma zenyewe zilihimiza kupanda vichaka vya kigeni vyenye matunda mengi, kama mzeituni wa vuli wa Asia na waridi lenye maua mengi, ambavyo ndege walivila na kusambaza mbegu zake hadi vikageuka magugu makali yanayozinyima nafasi spishi za asili, na ambavyo leo vinapigwa vita katika majimbo mengi. Kulungu nao waliongezeka, na katika miaka ya 1960 idadi yao Vermont ilizidi uwezo wa maeneo wanakojihifadhi wakati wa baridi kali. Maeneo hayo ni misitu ya miti isiyopukutisha majani, kama hemuloki na mierezi, ambayo huzuia upepo na kuishika theluji juu ya matawi ili chini yake mnyama atembee bila kuzama. Pale machipukizi yote yaliyo katika kimo cha mdomo wa kulungu yalipomalizika, wanyama wengi walikufa kwa njaa, na funzo la wakati huo lilikuwa kwamba nyongeza ya chakula cha vuli haiwezi kulipa upungufu wa maficho ya majira ya theluji.

Mwandishi wa kumbukumbu hii aliwakuta vilimani humo wazee waliokuwa wakiiita mitufaha ya msituni kwa majina ya familia zilizohama, na aliiona kazi ya kuiokoa ikibadilika kutoka mapenzi ya mtu mmoja mmoja hadi kuwa utaratibu unaofundishwa na maofisa wa ugani. Utaratibu huo huanza na kuupa mti mwanga. Miti inayoufunika hukatwa angalau katika pande tatu, upande wa kusini ukipewa kipaumbele kwa kuwa ndiko jua la nchi hizo linakotokea, na kwanza huondolewa matawi yaliyokufa tu, ili mti uliozoea kivuli usishtuke. Upogoaji wa matawi mabichi hufuata baadaye, kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, bila kuzidi theluthi moja ya ukuaji hai katika mwaka mmoja. Shina lenye uvungu haliondolewi ikiwa bado linabeba matawi hai, kwa sababu kigong'ota hutafuta wadudu katika mti uliooza na ndege wengine hutaga humo, na hata mti unaozaa matunda machache huwa na kazi, kwani kwale wa msituni, ndege mnene wa rangi ya kahawia, hula vichipukizi vyake wakati kila kitu kingine kimezikwa na theluji.

Kupanda mti mpya ni kazi ya namna nyingine, na hapo ndipo ujuzi wa mwenye bustani ya biashara ulipohitaji kugeuzwa. Mkulima wa soko hupenda miti mifupi inayovunwa kwa mikono bila ngazi, inayopatikana kwa kubebesha juu ya mashina yanayodumaza. Anayepanda kwa ajili ya pori hutaka mti mrefu wenye mizizi ya kina, unaojitegemea bila mwimo na ambao matawi yake yatapita kimo cha mnyama, kwa hiyo huchagua shina linalostahimili baridi, kama mche wa Antonovka wenye asili ya Urusi, hata kama atasubiri miaka mingi zaidi kabla ya kuona tunda. Juu yake hubebeshwa aina zinazohimili magonjwa bila kunyunyiziwa dawa, kama Liberty iliyotolewa mwaka 1978 na kituo cha utafiti cha Geneva huko New York, ambayo haishambuliwi na ukungu wa magamba. Mpandaji makini huchanganya pia aina zinazoangusha matunda kwa nyakati tofauti, ili meza isiandaliwe siku moja na kuondolewa kesho yake.

Kubebesha kwenyewe ni kazi ya utulivu. Kikonyo hukatwa mwishoni mwa majira ya baridi kikiwa bado kimelala, huhifadhiwa kwenye ubaridi na unyevu, kisha mche unapoanza kuamka vipande vyote viwili hukatwa mshazari kwa kisu kikali, vikakutanishwa hivi kwamba utando mwembamba wa kijani ulio chini ya gome la kimoja uguse ule wa kingine, kwa maana ni utando huo tu unaokua na kuviunganisha, na mwisho jeraha hufungwa lisikauke. Mche ukishapandwa huhitaji ulinzi wa aina mbili. Wavu mgumu wa waya wenye matundu madogo huzungushwa shinani na kuchimbiwa kidogo ardhini, kwa kuwa panya wa mashambani wenye mikia mifupi hupita chini ya theluji na kumenya gome kulizunguka shina, na mti uliomenywa hivyo hufa hata kama majani yake yatachipua kwa muda. Nje yake husimamishwa kizimba cha waya cha kimo cha takriban meta 1.5, cha kumzuia kulungu yule yule anayekusudiwa kufaidi mti huo, mpaka matawi yapite mdomo wake.

Vishamba vya malisho vimepitia badiliko linalofanana na hilo. Zamani vililimwa kila mwaka kwa plau, vikatiwa mbolea ya viwandani na dawa za kuua magugu, na mafanikio yake yalipimwa kwa idadi ya pembe zilizoonekana wakati wa kuwinda. Siku hizi kazi huanza kwa kupima udongo, kwa kuwa udongo wa vilima hivyo una tindikali nyingi na mbolea haisaidii sana kabla chokaa haijaipunguza tindikali hiyo. Kisha hupandwa mchanganyiko wa klova, mmea wa jamii ya kunde ambao bakteria wa mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani, pamoja na nafaka ya rai inayoufunika udongo wakati wa baridi, na mimea ya jamii ya kabichi ambayo majani yake huwa matamu zaidi baada ya jalidi. Wengi wameacha kutifua, wakatawanya mbegu kabla ya mvua na kufyeka magugu juu yake yawe matandazo. Mahali panapopendelewa ni viwanja vya zamani vya kukusanyia magogo na kando za njia za msituni, ambapo ukingo umekwisha patikana bila kukata msitu mwingine.

Tofauti kati ya kupanda na kulisha imezidi kuwa muhimu kwa sababu ya maradhi na ya tumbo la mnyama mwenyewe. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaosababishwa na protini zilizoharibika umbo na usio na tiba, ulionekana kwanza Colorado mwaka 1967 na kufika New York mwaka 2005, na wanyama wanaokusanyika kwenye rundo moja la chakula huambukizana kwa urahisi. Zaidi ya hayo, kulungu anayepewa mahindi mengi ghafla katikati ya majira ya baridi aweza kufa akiwa ameshiba, kwa kuwa vijidudu vya tumbo lake, vilivyozoea vijiti na machipukizi, huzalisha tindikali inayomwangamiza. Vermont imekataza kuwamwagia kulungu chakula, huku ikiacha wazi njia ya kupanda miti na mazao.

Kutokana na hayo, mtufaha na kishamba cha klova vimepata nafasi yao ya haki, ambayo ni ya msaidizi. Sukari ya tufaha humnenepesha dubu mweusi kabla ya usingizi wake mrefu, na klova huwapa kulungu jike protini wakati wa kunyonyesha, lakini sehemu kubwa ya chakula cha mwaka bado hutoka msituni, katika machipukizi ya miti michanga na matunda ya mialoni, na kulungu wakizidi huyala yote hadi msitu ukose warithi. Ndiyo maana mwenye ardhi anayestahili kuigwa huihesabu mitufaha yake pamoja na hemuloki anazoziacha zisimame, sehemu anazozikata ili miti michanga iote, na uwindaji unaoiweka idadi ya wanyama ndani ya uwezo wa mahali. Aliyepanda mti ambao huenda akafa kabla haujazaa sana amekwisha kubali kwamba anamtumikia mwenye kuja baada yake, na msimamo huo, ukienezwa kutoka mti mmoja hadi msitu mzima, ndio uhifadhi wenyewe.