Mistari Niliyoiruka

Juni 2009 niliandika makala katika gazeti moja la nyumbani Tanzania kuhusu Watamil wa Sri Lanka. Hoja yangu ilikuwa kwamba maangamizi yao wamejitakia wenyewe: laiti wangekubali lugha moja ya taifa, kama sisi tulivyokubali Kiswahili, damu isingemwagika. Tena niliandika kwamba walikimbilia bunduki kabla ya kujaribu maneno. Yote mawili si kweli. Nililijua hilo kabla mwezi uliofuata haujaisha, na nimenyamaza hadi leo.

Wakati huo nilikuwa London, nikifanya kazi za usiku katika kituo cha mafuta kusini mwa mji. Zamu nyingi nilikaa na Mtamil wa Jaffna aliyenizidi umri. Aliniita thambi, mdogo wangu kwa lugha yao, nami nikamwita anna, kaka. Mama yake alikuwa Vanni, kaskazini mwa kisiwa, ambako jeshi lilikuwa likiwabana wapiganaji wa Kitamil, Tigers, pamoja na umati wa raia katika ukanda wa pwani uliozidi kufinyika kila wiki. Aprili ile Watamil walipiga kambi uwanjani mbele ya Bunge la Uingereza. Anna alikuwa akitoka zamu alfajiri na kwenda moja kwa moja kuketi nao.

Siku moja aliniomba nifuatane naye. Nikampa hotuba. Nikamwambia kwetu kuna makabila zaidi ya 120, na hakuna aliyedai nchi yake, kwa sababu tulikubali kusema lugha moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema baba yake alikuwa karani wa serikali Colombo, akapoteza kazi kwa ajili ya mtihani. Akainuka kumhudumia mteja. Sikumuuliza ni mtihani gani.

Mwaka 1956, miaka 8 tu baada ya uhuru, serikali ya S.W.R.D. Bandaranaike ilikifanya Kisinhala kuwa lugha rasmi pekee. Hiyo ni lugha ya kuzaliwa ya takriban watu 7 katika kila 10 kisiwani. Karani wa Kitamil aliyezoea kuandika kwa Kiingereza alitakiwa afaulu Kisinhala, la sivyo aage cheo au aage ofisi. Mwenzake Msinhala alikuwa ameshafaulu mtihani huo kwa mama yake. Hapo ndipo mfano wangu ulipokuwa batili. Msukuma, ambaye kabila lake ndilo kubwa kuliko yote Tanzania, alikisoma Kiswahili darasani kama nilivyokisoma mimi Mpare. Sote tulikutana njiani. Watamil waliambiwa wahamie nyumbani kwa mwenzao, wakakae ukumbini. Mimi ninayekipenda Kiswahili kuliko kazi yoyote ya mikono yangu, nilikigeuza fimbo ya kumchapia mtu aliyenyang'anywa lugha yake.

Na maneno waliyajaribu. Siku muswada wa Kisinhala ulipofikishwa bungeni, kiongozi wa Watamil S.J.V. Chelvanayakam na wenzake walikwenda kuketi kimya Galle Face, Colombo, wakapigwa na makundi ya watu. Hata Msinhala Colvin R. de Silva alionya bungeni kwamba lugha mbili zingelea nchi moja, na lugha moja ingezaa nchi mbili. Mwaka 1957 Bandaranaike alitiliana mkataba na Chelvanayakam wa kuyapa majimbo mamlaka yake. Mwaka uliofuata watawa wa Kibuddha walikusanyika nyumbani kwake, akauvunja. Ikapita miaka. Mei 1976, huko Vaddukoddai, vyama vya Watamil vikatamka kwamba sasa wanataka dola yao, Tamil Eelam, na mwaka 1977 wakalipeleka ombi hilo kwa wapiga kura, wakarudi na viti 18. Jibu? Mwaka 1981 maktaba ya Jaffna ilichomwa pamoja na vitabu na miswada kama 97,000, mingine ya majani ya mtende. Julai 1983 Watamil waliuawa mitaani Colombo, na mwezi uliofuata katiba ikabadilishwa: hata kuidai nchi hiyo kwa amani kukawa kosa.

Sitaki kuwasafisha Tigers. Oktoba 1990 waliwafukuza Waislamu wote wa jimbo la kaskazini, watu ambao lugha ya mama yao ni hicho hicho Kitamil. Wale wa mji wa Jaffna walipewa kama saa mbili tu. Tigers walisajili watoto vitani. Waliwaua Watamil wenzao waliowapinga. Lakini mimi niliichukua dhambi ya Tigers nikaifanya jibu la swali lililoulizwa kiongozi wao, Prabhakaran, akiwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Vita vilikwisha Mei 2009. Jopo la Umoja wa Mataifa lilisema mwaka 2011 kwamba huenda raia hadi 40,000 waliuawa katika miezi ile ya mwisho, wengi kwa makombora ya serikali. Simu ya mama yake anna ilikuwa imekatika tangu Machi.

Julai nililetewa nakala ya gazeti kwa posta, nikaenda nayo kazini. Akaiona picha ya wakimbizi. "Thambi, umeandika habari zetu? Nisomee."

Nikasimama kaunta, nikaanza kumtafsiria kwa Kiingereza. Nilipofika penye bunduki, nikaruka. Nilipofika penye lugha moja, nikaruka tena, na ukurasa ukanibakia mtupu. Basi nikamtungia. Nilimsomea aya nzima ambayo haikuwamo, ya kina mama waliokwama ufukweni Mullivaikkal na dunia isiyowasikia, huku kidole changu kikifuata mistari iliyosema mengine kabisa.

Alivua miwani akafuta macho. Akaomba aichukue ile nakala. Aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema atampelekea dada yake, East Ham, ailaze chini ya picha ya mama.