Saa ya Augustino, saa ya Nakonde

Wadau, wiki hii lekchara wa falsafa katuletea Augustino. Mwafrika mwenzetu huyu, kazaliwa mwaka 354 Thagaste, Algeria ya leo, kafariki 430 akiwa askofu wa Hippo. Kwenye Maungamo anauliza wakati ni kitu gani hasa. Jana haipo tena, kesho haijafika. Basi jana inakaa kwenye kumbukumbu, kesho kwenye kungoja. Darasa zima kimyaa! Sisi wa Tunduma wala hatukushtuka. Kwetu ukivuka mpaka tu kuingia Nakonde, saa tatu inarudi kuwa saa mbili. Lisaa hilo limekwenda wapi? (Madereva wa malori walioko foleni hata hawaulizi.)

Kilichonichoma ni pengine. Mwaka 383 Augustino alimdanganya mama yake, Monika, akapanda meli usiku kwenda Roma, mama akabaki Carthage analia. Kaka yangu naye alivuka hivyo hivyo, bila kuaga. Mama bado anambakizia chakula cha jioni. Monika alimfuata mwanawe hadi Milan. Mama yangu hana hata pasipoti, na hajui aanzie Lusaka au Lubumbashi.