Ufunguo wa Sanduku la Barua



Wenye umri wetu hawajasahau sanduku la posta la parokia. Nchini mwetu barua hazikuzoea kuletwa mlangoni. Zilingoja posta katika S.L.P., na sanduku moja la parokia lilibeba barua za nusu ya kijiji. Ufunguo aliutunza katekista. Alikwenda mjini kwa baiskeli, akarudi na mfuko, na baada ya Misa ya Dominika majina yakasomwa mbele ya kanisa. Kila mtu alijua ni nani ameandikiwa; hakuna aliyejua ameandikiwa nini.

Tumelikumbuka sanduku lile kwa sababu ya jambo lililotupata hapa Usagara, Tanga, tulipoamua kuifungulia seva ya barua pepe ya ofisi dirisha la kusomea kwa kivinjari.

Hapo awali barua za ofisi zilishushwa kwa utaratibu uitwao POP, ambao hata kirefu chake cha Kiingereza kimebeba jina la posta. Kompyuta ya karani ilizichota kutoka kwenye seva zikahamia kwake, na kwetu hazikuachwa nakala nyuma. Karani akiugua, parokia nzima ilikuwa kiziwi. Paroko msaidizi akiwa kigangoni, upande wa Pangani, alipiga simu kuuliza kama cheti cha ubatizo cha bwana harusi kimefika, na jibu likawa kwamba mwenye kompyuta hayupo. Ndipo tukahamia IMAP, utaratibu ulioanzishwa na Mark Crispin mwaka 1986 akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, ambao barua hubaki kwenye seva na wasomaji huzifuata huko huko. Juu yake kijana mmoja wa kwaya akatuwekea Roundcube, programu ya bure inayofanya kazi kama karani wa dirishani pale posta: unamtajia jina na neno la siri, anakwenda sandukuni, anakuletea barua uisome. Popote penye kivinjari, ofisi ipo.

Wazo lenyewe si geni. Hotmail ilifungua dirisha la namna hiyo mwaka 1996. Nasi tulijiambia kwamba Mtakatifu Yohane Paulo II alituma waraka wake kwa Kanisa la Oceania kwa barua pepe, tarehe 22 Novemba 2001, akibonyeza kompyuta pale pale Vatikano. Parokia ya pwani isingeona haya kufuata.

Kijana wetu alifanya kazi kwa uangalifu. Aliweka cheti cha usalama cha Let's Encrypt, kinachotolewa bure tangu mwaka 2015, ili maneno yetu yasafiri yakiwa yamefungwa. Usiku wa kwanza tu kumbukumbu za seva zilionyesha watu wakijaribu maneno ya siri, wengine kutoka nchi ambako hatujapata kumtuma hata mbatizwa mmoja. Akaweka kizuizi: anayekosea mara tano anafungiwa nje. Tukalala usingizi mzuri. Wezi wa mbali tulikuwa tumewafungia. Tatizo likatoka kwetu wenyewe.

Tulikuwa Dar es Salaam kwa mkutano, na ilitupasa kuchapisha ukurasa mmoja. Tukaingia duka la steshenari, tukaketi kwenye kompyuta yao, tukafungua dirisha letu. Katika kutafuta ukurasa ule tukafungua pia barua ya mama mmoja, aliyetuandikia juu ya ndoa yake. Umeme ukakatika. Tukangoja kidogo, tukaona muda unakwenda, tukaondoka. Umeme uliporudi, kivinjari kilijifungulia kurasa zote kama zilivyokuwa, na seva ikazipokea. Mlango ulipaswa kujifunga baada ya dakika kumi. Sisi ndio tuliomwomba kijana auweke saa nzima, kwa kuwa tulichoka kuandika neno la siri kila mara.

Mhudumu wa duka aliona namba ya ofisi chini ya barua, akapiga. “Padre, barua zenu ziko wazi huku. Nimesoma moja kabla sijajua ni za nani. Naomba mnisamehe.” Akafunga ukurasa. Kijana mwaminifu kuliko sisi siku ile.

Seminarini tulifundishwa kanuni ya 535 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983: paroko ahakikishe vitabu na nyaraka za parokia haviangukii mikononi mwa watu wa nje. Tuliisoma tukifikiria kabati na kufuli. Nchi nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hiyo haiulizi kama aliyesahau alikuwa amevaa kanzu. Lakini hakuna kanuni wala sheria iliyotuhangaisha kama kazi ya kumwambia mwenye barua.

Tulimwita ofisini, tukamweleza yote, tukamwomba msamaha. Alinyamaza muda mrefu, akikunja na kukunjua pindo la kanga. Kisha akauliza: “Baba, alisoma mpaka wapi?”

Hatukuwa na jibu. (Ametukubalia kuyasimulia haya, ila si yaliyokuwamo katika barua.)

Wapo walioshauri dirisha lifungwe kabisa. Tumekataa. Vyeti, matangazo, ratiba za Misa na barua za jumuiya ndogo ndogo vinaendelea kusomeka kutoka vigangoni, na mlango sasa unajifunga baada ya dakika kumi, tuchoke tusichoke. Ila barua za ndoa na za dhiki za watu tumezitengea sanduku lake, lisilofika dirishani. Husomwa kwenye kompyuta moja tu, ofisini, nyuma ya mlango wenye ufunguo wa chuma. Ni hasara, tunakiri: juma lililopita wachumba wawili walisubiri siku nne kwa sababu aliyepaswa kusoma barua yao alikuwa safarini.

Mama yule hajatuandikia tena. Huja mwenyewe siku ya Alhamisi, kwa basi kutoka Muheza, na nauli ni yake.