Wazee wa Kambini kwa Kalamu za Watoto

Mwaka 1987 nilipangiwa shule ya msingi iliyozungukwa na mashamba ya mkonge, wilayani Muheza, nikakabidhiwa Kiswahili cha darasa la sita na la saba. Zoezi langu la kwanza lilikuwa jepesi: andika wasifu wa mtu unayemheshimu. Jioni nikakaa na rundo la madaftari, kibatari pembeni, nikamsoma Mwalimu Nyerere kutoka daftari la juu hadi la chini. Kazaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, baba yake Chifu Burito, kasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, katuletea Uhuru. Tarehe zilikuwa sahihi, hati zilikuwa nzuri, na hakuna mtoto aliyekuwa amemuuliza mtu swali lolote. Mmoja alijaribu kujitenga akamwandika Mkwawa, lakini naye akampa upole na hekima ile ile ya Mwalimu, hata Wahehe wenyewe wangeshangaa.

Nikaamua wasifu uanzie kambini walikoishi wakata mkonge, mahali ambapo kitabu hakikuwa na la kuwasaidia.

Watoto wale walikuwa wajukuu wa manamba. Babu zao waliletwa Tanga kwa mikataba kutoka kila upande: Wabena na Wangoni, Wanyakyusa, Warundi na Wanyarwanda, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mkataba ulipokwisha, wengine walirudi kwao, wengine wakaoa, wakapanda mnazi nyuma ya nyumba, na habari ya kurudi ikaishia hapo. Kitabu cha shule kilijua kwamba mkonge uliletwa mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, na kwamba katika miche aliyoagiza ilipona 62 tu. Kilijua pia kwamba katikati ya miaka ya sitini nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Miche ilihesabiwa, tani zikahesabiwa. Waliokata hawakutajwa hata mmoja, na walikuwa wamekaa pale vibarazani, mwendo wa dakika tano kutoka darasani.

Niliweka sharti moja: mtoto asiandike neno "alizaliwa" kabla hajaniletea habari ya kitu kimoja kilichomo ndani ya nyumba ya mzee wake. Asikilete chenyewe, kingepotea njiani. Akitazame, akichore, aulize kilipatikanaje. Basi wakaja na michoro ya mapanga, masanduku ya bati, kadi za TANU, redio zilizokufa zamani lakini bado zimefunikwa kitambaa cha kufuma. Kijana mmoja, mtoro mashuhuri, akaja na mchoro wa kipande.

Babu yake alikuwa amekihifadhi ndani ya Kurani. Kilikuwa karatasi ngumu yenye miraba 30, kila mraba ni siku moja ya kazi. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, karani anatia alama. Ukiugua, mraba unabaki mtupu. Ukishindwa kumaliza, unabaki mtupu vilevile, hata kama ulishinda juani tangu alfajiri. Mshahara hulipwi mpaka miraba yote ijae. Mzee alimpeleka mjukuu wake hadi shambani akamwonyesha: jani linakatwa mwiba wa ncha kwanza, kisha linakatwa shinani, majani 30 yanafungwa mzigo, mizigo inapangwa kando ya reli ya matoroli kwenda korona, kiwanda cha kusaga majani. Yule kijana alichora ile miraba kwa rula, akaanza kuijaza kwa kufuata alivyosimuliwa, akifika siku za homa anaruka. Alipomaliza aliandika sentensi yake ya kwanza: "Mwezi mmoja wa babu yangu ulikuwa na wiki saba." Nimesahihisha insha kwa miaka mingi na sikumbuki nyingine iliyoanza vizuri kuliko hiyo. Wala si mimi niliyemfundisha kuiandika. Miraba ilimfundisha.

Kuuliza kulikuwa na adabu zake. Mtoto alipofika na kutoa daftari papo hapo, wazee walifunga midomo, kwa sababu katika maisha yao aliyewahi kuja na daftari ni karani, nyapara au mtoza kodi. Mzee mmoja alimuuliza mtoto wa darasa la sita, kwa sauti ya kweli kabisa, "Umetumwa na ofisi gani?" Tukakubaliana: unatoa shikamoo, unakaa chini, unashika kazi iliyopo. Kama bibi anachambua mchicha, chambua naye. Daftari linabaki shuleni siku ya kwanza, na usiku unaandika ulichokumbuka. Kuna waliokumbuka kidogo sana, lakini waliochambua mchicha hawakuwahi kukosa habari.

Shida kubwa ilikuwa miaka. "Bibi ulizaliwa lini?" "Zamani, mjukuu wangu." Hapo mahojiano yanakwama. Nikachora ubaoni mstari mrefu wenye mambo ambayo hakuna aliyeyasahau: Vita ya Wajerumani, Waingereza walipopigwa pale Tanga Novemba 1914 na nyuki wakawakimbiza, Vita ya Hitla, TANU mwaka 1954, Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Azimio la Arusha 1967, Operesheni Vijiji, Vita ya Kagera. Mtoto anakwenda na mstari huo kichwani, anauliza: wakati wa Azimio ulikuwa umeshaolewa? Mtoto wako wa kwanza alikuwa anatembea? Mambo yakaanza kunyooka, mengine yakanyooka kupita kiasi. Binti mmoja aliambiwa na bibi yake, "Siku ya Uhuru nilikuwa na mimba ya mama yako, miezi saba, nikashindwa kwenda ngomani." Binti akahesabu vidole, akapata Februari 1962. Cheti cha shule cha mama yake kilisema 1964. Kumbe mama alipunguzwa umri ili akubaliwe darasa la kwanza. Nilimwambia binti aandike miaka yote miwili, na aliyeisema kila mmoja. Siku ya tatu mama mwenyewe akaja shuleni, khanga kaifunga kwa shari.

"Mwalimu, umenizeesha."

"Si mimi, dada. Ni mama yako."

Alicheka, lakini alitaka 1962 ifutwe. Haikufutwa. Tuliongeza mstari wa tatu: kwamba mwenyewe anaupenda zaidi mwaka 1964.

Kufuta kulitupata kwenye jambo lingine. Kijana mmoja aliandika jina la kijiji alichotoka babu yake, huko Msumbiji, na jinsi alivyovuka Ruvuma usiku. Mzee aliposomewa, akabadilika rangi. Alikuwa akiishi Tanga tangu ujana wake, ana kadi ya chama na ana wajukuu, na bado aliogopa kwamba kuna siku mtu angesoma daftari lile na kumuuliza uraia. Tuliliondoa jina la kijiji, tukaacha mto. Darasani msichana akanyoosha mkono: "Mwalimu, si ulisema tuandike ukweli?" Nilimjibu kwamba tulichoandika ni kweli, na kwamba maisha ya mtu aliye hai yana mwenyewe. Hakuridhika, na sikumlazimisha aridhike. Mpaka leo naona swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu, ila ningefanya vilevile tena.

Kumsomea mwenyewe lilikuwa ndilo sharti la mwisho, na ndilo lililoua sifa za bure. Watoto wetu wamezoea kwamba mtu akiandikwa lazima awe mcha Mungu, mchapakazi na mpenda watu. Mzee mmoja, mkata mkonge wa miaka mingi, alisikiliza wasifu wake wa namna hiyo hadi mwisho, kisha akamuuliza mtoto, "Huyu ni nani?" Akaamuru yaandikwe haya: kwamba alikuwa mkali, kwamba alimpiga nyapara ngumi ya mdomo kwa kumnyima alama kwenye kipande, na kwamba alifukuzwa akaenda kuanza upya shamba la pili kwa jina la kaka yake. Mtoto alirudi mbio, daftari mkononi, kama aliyeokota fedha.

Mwalimu mwenzangu alilalamika kwamba tunawapotezea watoto muda na watu wasio na jina. Nilimkumbusha Shaaban Robert, mtu wa hapa hapa Tanga, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909. Alipotaka kuandika wasifu alimchagua Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akiuza vyungu na asiyejua kusoma, kabla sauti yake haijafika Bombay kwenye santuri mwaka 1928. Mwenzangu alinijibu kwamba Siti alikuwa maarufu. Ni kweli, alikuwa maarufu, lakini ukurasa wenye vyungu ndio niliowasomea watoto. Faida yake ilikuwa kwamba walianza kuwafuata mabibi. Hadi hapo karibu wote walikuwa wakikimbilia kwa babu, ilhali walioanika singa juani pale korona walikuwa wanawake, na ndio waliojua nani alimkimbia nani, na nani aliacha deni dukani.

Mkaguzi alikuja mara moja, akauliza mada hii imo ukurasa gani wa muhtasari. Nikamwonyesha palipoandikwa insha. Akatia sahihi.

Nilistaafu na sanduku la bati lililojaa madaftari yale. Shule haikuwa na kabati, na mchwa wa Muheza hawachagui. Sikujua kwamba yangekuwa na kazi. Lakini wazee walipoanza kuondoka, mmoja baada ya mwingine, wafiwa walianza kubisha hodi kwangu usiku, kwa sababu kesho yake lazima wasifu wa marehemu usomwe mbele ya watu, na hakuna anayekumbuka marehemu alifika Tanga mwaka gani wala kwa treni ipi. Nawawashia taa, nawapa daftari la mtoto na karatasi, wananakili. Wengi hurekebisha. Ndoa ya kwanza hurukwa, kufukuzwa kazi hugeuka kustaafu. Siwazuii, msiba si wangu.

Wafiwa wa yule mzee aliyempiga nyapara walikuja pia, ndugu wawili. Mkubwa alinakili ukurasa mzima kwa utulivu, akafika kwenye ngumi, akaruka mstari. Mdogo wake, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, alimnyang'anya kalamu akauandika.