Kaya Zimehama

Natunza programu ambazo watafiti wa malaria huchambulia takwimu zao. Wengi hudhani nashinda nikiandika msimbo. Wapi! Muda mwingi huliwa na kuhakikisha kwamba skripti iliyotoa jibu mwaka juzi inatoa jibu lilelile leo.

Chukua lugha ya R. Kuteua kaya za kutembelea kwa nasibu tunatumia sample(), na kabla yake tunaweka namba ya kuanzia kwa set.seed(), ili atakayerudia apate kaya zilezile. Aprili 2019 likaja toleo la 3.6.0. Waliolitengeneza walibadilisha namna sample() inavyoteua, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na upendeleo kwenye orodha ndefu mno. Walikuwa na haki. Ila skripti ileile, namba ya kuanzia ileile, ukiiendesha kwenye toleo jipya inakupa kaya nyingine, tena kimya kimya, bila hata onyo. Mtakwimu wetu ndiye aliyeniita: “Kaka, mbona kaya zimehama?”

Ndiyo maana siupokei mradi usio na faili ya renv.lock, inayoorodhesha toleo la R na la kila kifurushi. Tunazo pia kaya chache za kubuni ambazo majibu yake tumeyakokotoa kwa mkono. Mtu akigusa msimbo, kompyuta inazipitisha upya, na jibu likipishana, badiliko halipiti, hata awe profesa. Makala ikienda jaridani, toleo la programu lililotumika linawekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Zenodo na kupewa DOI, kitambulisho chake cha kudumu.

Kinachonishinda ni bajeti. Mfadhili hulipia programu izaliwe, kuilea hakumo. Kwa hiyo lazima nyingine zifungwe, na kuzifunga ndiko kunakoniletea lawama.

Sasa hivi ninayo moja ya Python 2, lugha ambayo matengenezo yake yalikoma Januari 1, 2020. Mwenyewe ananisihi, “Mdogo wangu, ihamishie tu Python 3.” Hiyo “tu” ndiyo yenye kazi: kule 7/2 ilikuwa 3, huku ni 3.5, na programu nzima inagawanya idadi ya wagonjwa kwa majuma. Nitalazimika kupitia kila mgawanyo nikiuliza kama mwandishi wake aliikusudia ile 3. Nimemwomba kwanza aniambie nani wengine wanaitumia. Wakiwa hawapo, naifunga.